Kupanda Mimea ya Joto Kwenye Vyungu: Mwongozo wa Kiangazi cha Uingereza

Anayetaka kuotesha magimbi, mchaichai au mgomba nje ya nyumba huku Uingereza aanze na kipimajoto, na akisome usiku. Mchana wa Mei hudanganya. Jua linawaka, watu wamevaa kaptula, na maduka ya bustani yamekwisha kupanga nje mimea ya majani mapana. Usiku uleule joto linashuka hadi nyuzi 5, na gimbi lililotolewa mapema linaduwaa. Halifi papo hapo. Linakaa wiki kadhaa bila kutoa jani jipya, mizizi inaoza taratibu kwenye udongo baridi, na mwenye nalo anadhani limekosa mbolea.

Hapa Midlands, katikati mwa Uingereza, hata Julai, wastani wa joto la usiku ni kama nyuzi 11 au 12 za Selsiasi. Dar es Salaam mwezi huohuo, watu wakiwa wametoa masweta, usiku ni nyuzi 18 au 19. Tofauti hiyo ndiyo kazi yote iliyopo mbele yako. Mwanga hatujapungukiwa: mwishoni mwa Juni jua linakaa angani zaidi ya saa 16 kwa siku, na Dar haifikishi hata 12. Kinachokosekana ni joto la usiku. Chungu kinasaidia kwa sababu udongo wake hupata joto upesi kuliko ardhi, na kwa sababu unaweza kukiinua ukakiingiza ndani.

Walio Minneapolis au Toronto wana msimu mfupi, ila usiku wao wa Julai ni wa joto kuliko wetu. Bamia inayotusumbua sisi huku, kwao huzaa vizuri. Hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni tarehe na mimea ya kuchagua.

Hatua ya 1: Chagua mimea unayotaka majani yake

Hapa ndipo wengi hupoteza msimu mzima. Mtu anataka ndizi, anataka muhogo, anataka maembe. Kiangazi cha miezi minne hakitoshi kwa mazao hayo, na mimea mingi ya kwetu husubiri mchana ufupike ndipo itoe maua au ijaze viazi. Juni ya saa 16 za jua inaiambia iendelee kutoa majani tu. Basi tafuta mimea ambayo majani ndiyo mboga, ndiyo kiungo au ndiyo urembo wenyewe, na utafurahi.

Matembele ni ya kwanza kwangu. Panda kiazi kitamu kwenye udongo wenye unyevu, ndani ya nyumba, mwezi Machi. Vichipukizi vikifika urefu wa kiganja, vikate uviweke kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki moja hivi vina mizizi. Chungu kimoja kipana kinabeba miche mitatu, na kuanzia Julai unachuma kila wiki. Maduka ya bustani huuza pia viazi vitamu vya mapambo, vyenye majani ya zambarau iliyoiva au ya kijani cha ndimu, na jina la kitaalamu kwenye kibandiko ni lilelile, Ipomoea batatas. Hivyo vinunue kwa urembo. Usile majani uliyoyakuta dukani, kwa sababu mimea ya mapambo hupuliziwa dawa zisizokusudiwa kwa chakula.

Mchicha unakuja haraka kuliko yote. Hauhitaji kuanzia ndani: mwaga mbegu juu ya udongo mwishoni mwa Mei au Juni, funika kidogo sana, na baada ya wiki tano au sita unakata. Acha kisiki chenye majani mawili matatu chini, kitachipua tena.

Magimbi ninayapenda kwa sababu mbili, mboga na sura. Jani moja la gimbi lililostawi linaweza kufunika meza ndogo. Yanunue ya kula, kwenye maduka ya Waasia na Waafrika. Hapa Leicester barabara ya Belgrave imejaa maduka ya watu ambao wazazi wao walitoka Uganda na Kenya, na magimbi, tangawizi mbichi, manjano na mchaichai havikosekani. Chagua gimbi gumu, ambalo jicho lake la juu halijakatwa wala kunyauka. Ukitaka aina za majani meusi, tafuta Colocasia kwenye maduka ya mimea, lakini hizo ziache ziwe pambo. Na hata majani ya gimbi la kula yapikwe hadi yaive kabisa. Yakiwa mabichi yana vichomo vya oksaleti vinavyowasha koo vibaya.

Mchaichai: chukua mashina ambayo kitako chake cha chini bado kipo, yaweke kwenye maji ya kina cha sentimita tatu dirishani, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Mizizi hutoka ndani ya wiki mbili au tatu. Ukiona kitako kimekatwa hadi juu na duara za ndani zinaonekana, usinunue. Halitaota.

Tangawizi na manjano zinaota kwa uzuri lakini polepole, na zinapenda kivuli cha nusu siku. Tangawizi utakayovuna ni changa, yenye ngozi laini. Kwa chai ni nzuri mno.

Pilipili ndiyo tunda pekee ninalolipendekeza bila wasiwasi. Pilipili kichaa huzaa sana kwenye chungu cha lita tano. Pilipili mbuzi inataka muda mrefu zaidi, kwa hiyo mbegu ziingie udongoni Januari au Februari.

Migomba ni ya kutazamwa. Kuna miwili ya kujua. Musa basjoo huuzwa kama mgomba wa Japani, ingawa asili yake ni kusini mwa China. Unavumilia baridi kuliko wote, na ndizi zake haziliwi. Wa pili ni Ensete ventricosum, jamaa wa mgomba anayeota porini kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ambaye watu wa kusini mwa Ethiopia humlima kwa chakula. Aina yake yenye majani mekundu, inayoitwa 'Maurelii', ndiyo inayopamba bustani nyingi za Ulaya kila kiangazi. Kule Great Dixter, bustani maarufu ya East Sussex, mwandishi wa bustani Christopher Lloyd aling'oa bustani ya mawaridi mwanzoni mwa miaka ya 1990 akapanda migomba, kana (Canna) na mimea mingine ya majani makubwa, na wapenda bustani wengi wa nchi hii walianzia hapo kuamini kwamba jambo hilo linawezekana.

Usidharau pia vimiche vya bei ndogo vinavyouzwa kwa trei. Impatiens walleriana, ua dogo la waridi, jeupe au jekundu ambalo Waingereza hulijaza kwenye vikapu vya kuning'iniza, asili yake ni Afrika Mashariki. Linastawi kivulini, mahali ambapo pilipili ingekataa. Thunbergia alata, ua la rangi ya chungwa lenye jicho jeusi, nalo ni la pande za kwetu, na litapanda ukuta au kamba kwa msimu mmoja.

Mimea miwili naiwekea onyo. Mbarika huuzwa kama pambo kwa majani yake mekundu, lakini mbegu zake ni sumu kali. Penye watoto wadogo usiupande. Fiwi nayo huuzwa kama ua la kutambaa, jina lake Lablab. Maua ya zambarau ni mazuri, ila mbegu zikikauka zisiliwe bila kuchemshwa vizuri na kumwaga maji.

Bamia huku ni ya ndani ya banda la vioo. Sukuma wiki haihusiki na mwongozo huu kabisa, kwa kuwa baridi kwake si kitu.

Na mbegu za nyumbani? Usifiche vipandikizi, mbegu wala udongo kwenye sanduku la safari. Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani zinadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila kitu cha kupandwa, na sababu ni ya kweli: ugonjwa mmoja wa mihogo au migomba ukivuka mpaka huwa hauna dawa. Karibu vyote nilivyotaja vinapatikana huku tayari.

Hatua ya 2: Anzia ndani, Februari hadi Aprili

Kwa kuwa msimu wa nje ni mfupi, unauongeza kwa upande wa mbele. Tangawizi na manjano zianze Februari. Kata kipande chenye macho mawili au matatu, kiloweke maji usiku mmoja, kiache kidonda kikauke siku mbili, kisha kilaze kwenye trei ya udongo, macho yakitazama juu, na ukifunike kidogo. Magimbi yaanze Machi, kila moja kwenye kopo la lita moja, kina cha sentimita tatu hadi tano. Pilipili kichaa, mwishoni mwa Februari au Machi.

Vyote hivi vinataka udongo wenye nyuzi 20 hadi 25. Mahali pazuri ni juu ya kabati lililo karibu na hita, au juu ya friji, mradi mche ukichomoza tu uuhamishie dirishani siku hiyohiyo. Mche unaoachwa gizani hurefuka kama uzi ukaanguka. Usiku ondoa miche kwenye ukingo wa dirisha ulio nyuma ya pazia. Nafasi ile kati ya pazia na kioo inaweza kuwa baridi kuliko unavyodhani.

Maji yawe machache. Tangawizi ambayo haijachipua, ikimwagiliwa kila siku, inaoza. Udongo uwe na unyevu tu, basi.

Hatua ya 3: Chungu na udongo

Gimbi, kana na matembele vinataka chungu cha upana wa sentimita 35 au zaidi. Mgomba unataka lita 40. Ndoo kubwa ya plastiki nyeusi, uliyoitoboa matundu chini, inafaa kuliko chungu cha udongo cha bei mbaya: rangi nyeusi inavuta joto, na plastiki haipotezi maji pembeni. Chungu cha udongo kinapendeza, lakini maji yanayopita kwenye ngozi yake yanaondoka na joto la mizizi. Mahali penye upepo, hata hivyo, uzito wake una faida.

Usiweke kokoto chini ukidhani zitasaidia maji kutoka. Maji hukwama juu ya tabaka la kokoto, na mizizi inabaki na nafasi ndogo zaidi. Jaza udongo mtupu hadi chini, kisha inua chungu juu ya vipande vya matofali ili matundu yapumue.

Udongo wa bustani usiutie chunguni, unashikamana kama saruji. Nunua udongo wa vyungu wa mfuko. Kwa migomba na kana ninapendelea ule wenye udongo halisi ndani yake, unaouzwa kwa jina la John Innes namba 3, kwa sababu ni mzito na chungu hakipinduki. Uchanganye na mboji iliyoiva, sehemu mbili kwa moja. Kwa mchaichai na pilipili ongeza konzi kadhaa za perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mawe, ili maji yapite haraka.

Fikiria uzito kabla hujajaza. Chungu cha lita 40 kikiloa kinaweza kufika kilo 40 au zaidi, na Oktoba utatakiwa kukiingiza ndani. Kiweke tangu mwanzo juu ya kibao chenye magurudumu. Aliye ghorofani amuulize mwenye nyumba baraza inabeba kiasi gani.

Hatua ya 4: Kuzoesha, kisha kutoa nje

Kanuni yangu ni hii: mimea haitoki moja kwa moja mpaka utabiri wa hali ya hewa uonyeshe usiku saba mfululizo usioshuka chini ya nyuzi 10. Kusini mwa Uingereza hiyo huwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Kaskazini na Scotland ni Juni au hata baadaye. Wajerumani wana siku zao za watakatifu wa barafu, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, na wakulima wa zamani huko hawapandi kitu laini kabla hazijapita. Minneapolis jalidi ya mwisho, ile barafu nyembamba ya alfajiri, kwa kawaida huja mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, lakini kwa magimbi ni busara kungoja mwisho wa mwezi.

Siku kumi kabla ya hapo anza kuzoesha. Siku ya kwanza toa miche kwa saa mbili, kivulini, mahali pasipo upepo, kisha irudishe. Kesho yake kwa muda wa saa tatu. Halafu jua la asubuhi. Usiku inalala ndani hadi siku mbili za mwisho. Jani lililokulia nyuma ya kioo halina ngozi ya kustahimili jua la wazi; likitolewa ghafla linatoka mabaka meupe yasiyopona.

Kama jalidi itatabiriwa baada ya mimea kutoka, ivute karibu na ukuta uifunike na shuka kuukuu au kitambaa chepesi cha bustani. Nailoni ikigusa majani haisaidii.

Hatua ya 5: Tafuta ukuta unaotazama kusini

Tuliokulia karibu na Ikweta hatujazoea kufikiri hivi. Huku jua halipiti utosini hata Juni; adhuhuri huwa linaegea kusini mwaka mzima. Ukuta wa matofali unaotazama kusini au kusini magharibi unapigwa na jua tangu mchana hadi jioni, unaweka joto, na usiku unalirudisha polepole kwa mimea iliyo mbele yake. Vyungu vyako vya thamani viwe ndani ya mita moja ya ukuta huo. Hakuna mbolea itakayokupa tofauti hiyo.

Vipange vikaribiane. Mgomba nyuma, magimbi na kana katikati, matembele yamwagike mbele. Vikikusanyika vinakingana na upepo na kutunza unyevu wa hewa. Mgomba usiwe kwenye kona ambapo upepo unapita kati ya nyumba mbili. Majani yatachanika yote kabla ya Agosti.

Hatua ya 6: Maji na mbolea

Mwagilia asubuhi. Nyumbani tumezoea jioni, na kule ni sawa, kwa sababu jua la mchana linakausha. Huku maji ya jioni yanaulaza mmea kwenye udongo baridi uliolowa usiku kucha. Na maji ya bomba ni baridi mno kwa tangawizi: jaza kopo la kumwagilia leo, litumie kesho. Pipa la maji ya mvua lililo juani ni bora zaidi.

Gimbi ni mmea wa majimaji. Kuanzia katikati ya Juni liwekee kisahani kirefu chini ya chungu, kisikauke. Mchaichai na pilipili wasiwekewe kisahani. Kwenye joto la Julai vyungu vyote vinataka maji kila siku, na mgomba mkubwa unaweza kutaka mara mbili.

Mbolea iliyo kwenye udongo wa mfuko huisha baada ya wiki tano au sita. Hapo anza mbolea ya maji kila wiki. Ya majani, yenye naitrojeni nyingi, kwa migomba, magimbi, mchicha na mchaichai. Pilipili na kana, zikianza kutoa vikonyo vya maua, hamia mbolea ya nyanya yenye potasiamu nyingi. Wiki ya baridi, usiku ukiwa chini ya nyuzi 10, acha mbolea kabisa, mmea haunywi. Acha pia kufikia mwanzo wa Septemba, usije ukaamsha majani laini yatakayouawa Oktoba.

Wadudu wa nje ni wachache. Koa na konokono watatoboa majani ya kana yangali yamejiviringa, kwa hiyo wakusanye usiku kwa tochi. Vidukari kwenye pilipili wasugue kwa kidole chini ya maji.

Hatua ya 7: Rudisha ndani kabla hujalazimika

Usiku ukianza kugusa nyuzi 10, mara nyingi mwezi Septemba, tangawizi, manjano na magimbi ndiyo ya kwanza kuingia. Mchaichai na pilipili vifuate baada ya wiki moja au mbili. Matembele yavune yote, ila hifadhi vichipukizi vitano kwenye maji dirishani; ndiyo mbegu ya mwaka kesho. Kabla chungu hakijavuka mlango, geuza majani uangalie chini. Utitiri na inzi weupe huingia hivyo, na ndani ya nyumba yenye hita huzaliana kwa kasi. Osha majani yote kwa maji yenye sabuni kidogo.

Kana ndiyo pekee inayofaidika na jalidi ya kwanza. Iache majani yaungue yawe meusi, kisha kata shina hadi sentimita 15, chimbua, kung'uta udongo, na uzike tunguu kwenye boksi la udongo mkavukavu mahali penye nyuzi 5 hadi 10, kama gerejini.

Gimbi punguzia maji hadi majani yakauke. Viazi vitakuwa vidogo. Vikubwa pika, vidogo vitunze kwenye mchanga mkavu ndani ya nyumba, mahali pasipo joto la hita wala baridi ya gereji. Mchaichai ukate hadi sentimita 15, uuweke dirishani, umwagilie mara moja kwa wiki mbili. Pilipili punguza matawi nusu, itakaa bila majani mengi na kuamka Machi, ikizaa mapema kuliko mche mpya.

Ensete kata majani yote isipokuwa lile la katikati lililojiviringa, na uuweke mahali pakavu penye nyuzi 7 hadi 10, karibu bila maji. Unaooza baridini mara nyingi ni ule ulionyweshwa. Musa basjoo mdogo uingie gerejini. Mkubwa usiobebeka uviringishie shina majani makavu ya mpunga au ngano na gunia, na ufunike juu ili mvua isiingie katikati ya shina.

Kila mwezi, kuanzia Novemba, fungua maboksi ubonyeze viazi kwa kidole. Kilicholainika kitoe siku hiyohiyo kabla hakijaambukiza vingine. Kilichonyauka kinyunyizie maji kidogo. Februari ikifika tangawizi inarudi kwenye trei karibu na hita.